Kitambaa kilichojificha ndani ya kigae cha kapeti

Ofisi nyingi za maeneo ya Posta na Masaki, Dar es Salaam, siku hizi hazitandiki zulia zima. Sakafuni kuna vigae vya kapeti vya sm 50 kwa sm 50, vimepangwa kimoja baada ya kingine kama marumaru. Pembe zikianza kubinuka, lawama hugawanywa kwa watu watatu: fundi aliyepaka gundi, mjenzi aliyeacha zege na unyevu, na mwenye ofisi anayezima kiyoyozi Ijumaa na kukiwasha Jumatatu. Kuna wakati wote watatu hawana kosa. Kigae kilikuja na ugonjwa wake kutoka kiwandani, ndani ya kitambaa cha gramu mia na ushei kwa mita ya mraba ambacho hakionekani ukitazama juu wala ukigeuza chini.

Kitambaa hicho ni bekingi ya kwanza, kile ambacho sindano za mashine ya tafti huchoma manyoya ya kapeti ndani yake. Usikichanganye na mgongo mzito mweusi unaougusa ukigeuza kigae; huo ni tabaka jingine, linakuja baadaye. Bekingi ya kwanza kwenye vigae vizuri ni kitambaa kisichofumwa, na kazi inayodaiwa kwake inapingana yenyewe: kiwe kimeshikamana kiasi cha kutorudi ovyo, yaani kutosinyaa, kikipitishwa kwenye joto kali, na papo hapo kiwe kimelegea kiasi cha kuipisha sindano ipite bila kukata hata uzi mmoja. Kukishikamanisha ni rahisi. Kukilegeza pia ni rahisi. Kupata yote mawili kwenye jora moja, mita elfu kwa elfu, ndiko kunakotenganisha kiwanda na kiwanda.

Kigae kimefungwaje

Tuanze juu kushuka chini. Kuna manyoya, kwa kawaida nailoni, mara nyingine polipropilini. Manyoya yameshonwa kwenye bekingi ya kwanza. Chini yake kuna lateksi, gundi ya jamii ya mpira, iliyochanganywa na unga wa chokaa, inayofunga mizizi ya manyoya yasing'oke. Kisha huja mgongo wenyewe: lami iliyochanganywa na unga wa mawe, au PVC, au plastiki za jamii ya polyolefini, na katikati yake mara nyingi huwekwa shashi nyembamba ya nyuzi za kioo ya kuzuia mgongo usivutike. Kigae cha kulazwa bila kugandishwa moja kwa moja sakafuni, kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1307, kinatakiwa kiwe na uzito usiopungua kg 3.5 kwa mita ya mraba, kisibadilike urefu kwa zaidi ya asilimia 0.2, na kisibinuke zaidi ya mm 2.

Asilimia 0.2 ya sm 50 ni milimita moja. Panga vigae 20 kwa safu moja, mita 10, kila kimoja kikirudi milimita moja: umepata uwazi wa sm 2 umegawanyika kwenye maungio, na jicho linaona kila ungio. Kubinuka ndiko kubaya zaidi. Kigae ni matabaka yaliyogandana. Tabaka la juu likirudi na la chini lisirudi, pembe zinanyanyuka kama chapati iliyosahauliwa juani. Likirudi la chini, katikati ndiko kunakotuna. Bekingi ya kwanza imekaa juu, karibu na manyoya, kwa hiyo ikiwa na deni la kurudi ambalo halikulipwa kiwandani, litalipwa kwa pembe kunyanyuka.

Kwa nini kisifumwe

Zulia la kawaida la kukata kwa mita hutumia bekingi ya polipropilini iliyofumwa. Kila Mtanzania anaijua: ni ndugu yake kiroba cha unga. Kata kiroba kwa mkasi uone pindo linavyofumuka, utepe mmoja baada ya mwingine. Zulia la mita 4 lina pindo nne tu, na zote zinafichwa chini ya ubao wa ukutani. Kigae kina pindo nne kila nusu mita, zote wazi, zote zinakanyagwa. Kitambaa kisichofumwa hakina mtande wala mshindio wa kufumuka.

Sababu ya pili ni joto. Polipropilini huyeyuka kwenye 165 °C hivi, na huanza kurudi mapema kabla ya hapo. Lami ya mgongo hupakwa ikiwa karibu 160 hadi 180 °C, na PVC huivishwa kwenye joto la jirani na hilo. Polyesta huyeyuka karibu 255 °C, kwa hiyo inapita humo ikiwa na akiba ya kutosha. Sababu ya tatu wengi huisahau: vigae hulazwa kwa kugeuzwa robo duara, kimoja manyoya yanaelekea kaskazini, jirani yake mashariki. Kitambaa kikirudi kwa urefu kuliko kwa upana, kigae kinakuwa mstatili wa mm 499.3 kwa mm 500, na jirani yake aliyegeuzwa ni mm 500 kwa mm 499.3. Maungio hayawezi kukutana tena, hata fundi awe na mkono wa dhahabu.

Hapa Dar kitambaa kisichofumwa si kigeni. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala imejaa Kariakoo nzima, na GSM, yaani gramu kwa mita ya mraba, limekuwa neno la mtaani. Ila mfuko ule ni polipropilini, umebanwa kwa rola yenye vinundu, ndiyo maana ukiutazama una vidoti. Mwenye mashine ya kitambaa cha mifuko asidhani ataongeza uzito hadi GSM 110 awe anatengeneza bekingi ya vigae. Malighafi si hiyo, mwendo wa nyuzi si huo, na kile kidoti ni mahali ambapo nyuzi zimeyeyuka zikawa kipande kimoja kigumu. Sindano ikitua hapo haipiti kando; inatoboa, na nyuzi zinakatika.

Wanaoagiza majora kutoka nje wana kipimo cha dakika moja. Kata kipande cha kitambaa, kiloweke kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kiminye hewa yote itoke. Polipropilini itaelea, maana uzito wake ni 0.9 wa maji. Polyesta itazama, iko 1.38. Nailoni nayo huzama, lakini hilo si tatizo. Kuna bekingi nzuri zenye polyesta ndani na ganda la nailoni nje, kama ya chapa ya Colback. Chapa ya Lutradur ya kampuni ya Freudenberg ni polyesta. Muuzaji akikwambia "polyesta safi" na kipande kinaelea, mazungumzo yameishia hapo.

Punje, maji na uji

Kitambaa hiki hutengenezwa kwa njia ya spanibondi: plastiki inayeyushwa, inasukumwa kwenye matundu madogo, nyuzi zinavutwa kwa hewa, zinamwagwa juu ya mkanda wa wavu, kisha zinashikamanishwa. Punje zinaingia upande mmoja, jora linatoka upande wa pili, na katikati hakuna mtu anayeshika uzi kwa mkono.

Adui wa kwanza ni maji. Punje za polyesta zikiingia kwenye ekstruda, mashine inayoyeyusha na kusukuma plastiki, zikiwa na unyevu, kwenye joto la 280 °C kila chembe ya maji inakata mnyororo wa polimeri. Uji, yaani plastiki iliyoyeyuka, unakuwa mwepesi, nyuzi zinakatika, na zile zisizokatika ni dhaifu. Kikomo kinachotakiwa ni sehemu 50 kwa milioni au chini, yaani gramu 5 za maji kwenye kilo 100 za punje. Polyesta iliyoachwa wazi kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65 hubeba karibu asilimia 0.4, ambayo ni mara 80 ya kikomo hicho, na hewa ya pwani yetu wakati wa masika inapita hapo kwa mbali. Nailoni 6 ni mbaya zaidi: kwenye hewa hiyohiyo hunyonya asilimia 4 hivi. Mfuko wa punje za nailoni uliofunguliwa asubuhi na kuachwa wazi hadi jioni Vingunguti urudishwe kukaushwa, hata kama karatasi ya kiwandani inasema ulikuja mkavu.

Kukausha polyesta kuna hatua mbili. Kwanza punje zinachangamshwa kwenye hewa ya 140 hadi 160 °C huku zikikorogwa, ili zijenge fuwele. Ukiruka hatua hii, punje zinalainika baada ya kupita 80 °C hivi na kushikana, na ndani ya kikaushio utakuta bonge moja la kuvunjwa kwa mtaimbo. Zikishageuka nyeupe kama maziwa, ndipo zinakaa saa 4 hadi 6 kwenye 160 hadi 170 °C, zikipitiwa na hewa iliyonyang'anywa unyevu hadi kiwango cha umande cha −40 °C, yaani kavu kiasi kwamba umande hautui mpaka ipoe kufikia hapo. Hewa ya moto tu bila kuondolewa unyevu haitoshi hapa kwetu. Unazikausha punje kwa hewa iliyoloa.

Swali linaloulizwa sana: je, chupa za maji zinazookotwa mitaani zinafaa? Zinafaa, na huenda ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kufikiria kazi hii Dar. Plastiki ya chupa ina minyororo mirefu kuliko polyesta ya nguo, mnato wake, unaopima urefu huo, ni 0.76 hadi 0.80 ukilinganisha na 0.64 hivi ya punje za nguo, kwa hiyo ina nafasi ya kupoteza kidogo ikaoshwa, ikasagwa na bado ikavutika. Kitakachokuangusha ni uchafu. Vifuniko na lebo nyingi za polipropilini huelea, vikatolewa kwenye beseni la maji. PVC haielei, uzito wake uko palepale na wa polyesta, vyote vinazama pamoja. PVC ikifika kwenye 280 °C inaungua, inatoa tindikali, na tindikali hiyo inakatakata polyesta na kula chuma cha mashine. Lebo chache za PVC ndani ya tani nzima zinatosha kuleta madoa meusi na nyuzi kukatika siku nzima. Hapo hakuna dawa isipokuwa macho ya watu kwenye meza ya kuchambua, kabla ya kusaga. Mashine za kutambua plastiki zipo, lakini bado meza ile ndiyo ningeianza.

Kutoka kwenye ekstruda uji unapita kwenye chujio, kisha kwenye pampu ya gia inayopima gramu kwa dakika bila kuyumba, kisha kwenye spinareti, sahani nene ya chuma yenye matundu ya mm 0.3 hivi. Umeme ukikatika wakati huu, uji unabaki umesimama ndani ya mabomba ya moto ukiungua taratibu. Ukirudi baada ya dakika tano unasafisha na kuendelea. Ukirudi baada ya saa nzima, jiandae kuvua spinareti na kuzichoma upya. Ndiyo maana jenereta ya kiwanda kama hiki haihesabiwi kama akiba. Ni sehemu ya mashine kama pampu ilivyo.

Kuvuta nyuzi

Unene wa uzi unapatikana kwa hesabu moja ambayo kila msimamizi wa zamu anapaswa kuijua kichwani. Chukua gramu zinazotoka kwenye tundu moja kwa dakika, zidisha kwa 10,000, gawa kwa mwendo wa uzi kwa mita kwa dakika. Gramu 2 kwa mwendo wa mita 5,000 ni dtex 4, yaani gramu 4 kwa kila mita 10,000 za uzi. Ukitaka uzi mnene zaidi, na bekingi za tafti hupenda nyuzi nene kwa sababu haziwi nyingi mno njiani mwa sindano, unaongeza gramu. Usipunguze mwendo. Hapo ndipo wanaotoka kwenye polipropilini hukosea. Polyesta ikivutwa chini ya mita 4,000 kwa dakika haipangiki vizuri ndani. Uzi unaonekana mzima, unashikika, lakini umebeba kurudi kwingi ndani yake, na ukipata joto unajikunja kama mnyoo. Mwendo wa mita 4,500 hadi 5,000 ndio unaoufanya utulie.

Mwendo huo hauletwi na rola. Unaletwa na hewa iliyobanwa inayozivuta nyuzi chini kupitia bomba au mwanya mwembamba, na ndiko bili ya umeme inakokwenda. Shinikizo likishuka kwa sababu kompresa imechoka au chujio limeziba, mwendo unashuka, uzi unanenepa, na uzito wa kitambaa haubadiliki hata kidogo, maana gramu zinapimwa na pampu. Mizani itasema kila kitu kiko sawa. Kosa litaonekana wiki sita baadaye kwenye kigae. Kwa hiyo pima unene wa uzi wenyewe kwa darubini kila zamu. Usitegemee GSM peke yake.

Kati ya spinareti na hewa ya kuvuta, nyuzi hupozwa kwa hewa ya 15 hadi 20 °C inayopulizwa kutoka pembeni polepole. Jambo hili halimo kwenye vitabu vingi vya mashine kwa sababu viliandikwa kwenye nchi za baridi: Dar umande huanza kutua kwenye kitu chochote kilicho chini ya 23 au 24 °C. Kwa hiyo bomba la hewa ya kupozea linatoka jasho. Jasho linadondoka. Tone moja likigusa nyuzi zinazoteremka, zinakatika na kuacha donge. Mabomba yote ya baridi yafungwe sponji ya kuzuia joto bila mwanya, hewa iondolewe unyevu kabla ya kupulizwa, na chini ya kila kiungo kuwe na sinia. Ni kazi ya fundi wa AC, na inastahili fundi mzuri.

Hesabu ya ukubwa: tuseme jora lina upana wa m 4.2, GSM 110, mkanda unakwenda m 20 kwa dakika. Hiyo ni kg 9.24 kwa dakika, kama kg 554 kwa saa. Kwa gramu 2 kwa tundu unahitaji matundu 4,620. Upana wa m 4.2 unatoa vigae 8 vya sm 50 kwa kukingama, na sm 10 kila upande za kushikiwa na mashine na kukatwa.

Nyuzi zikitua kwenye mkanda wa wavu, feni za chini zinazinyonya zibaki zilipoangukia. Bamba la kuzisambaza ndilo linaloamua kama zitalala pande zote au zitafuata mwendo wa mkanda. Zikifuata mkanda, kitambaa kina nguvu kwa urefu na ulegevu kwa upana, na tumeshaona vigae vya kugeuza robo vinavyoadhibu jambo hilo. Kila jora likatwe vipande vya sm 10 kwa sm 10 kwa mstari mmoja kutoka pindo hadi pindo, vipande 40 hivi, vipimwe kwenye mizani ya gramu 0.01. Kwa GSM 110 kila kipande kinatakiwa kuwa gramu 1.10. Kukiwa na 1.25 hapa na 0.95 pale, kigae kitapigwa na sindano kwenye vitambaa viwili tofauti.

Joto la kushikamanisha

Hapa ndipo mgongano niliousema mwanzo unapoamuliwa. Nyuzi zilizolala ovyo hazina nguvu mpaka zigandane zinapokutana. Njia ninayoiona bora kwa vigae ni uzi wenye moyo wa polyesta na ganda la nailoni 6, moyo ukichukua kama robo tatu. Nailoni 6 huyeyuka kwenye 220 °C, polyesta kwenye 255 °C. Ukipitisha hewa ya moto katikati ya namba hizo, ganda linayeyuka na kushikana na jirani, moyo unabaki mzima. Njia nyingine ni kuchanganya nyuzi za polyesta ya kawaida na asilimia 10 hadi 15 za polyesta inayoyeyuka mapema. Ni rahisi zaidi kwa malighafi, na jora lililokwisha ni la jamii moja, jambo zuri kwa atakayeliyeyusha tena.

Hewa ni bora kuliko rola ya moto. Rola inabana, na kitambaa kilichobanwa ni kama karatasi. Sindano inakitoboa badala ya kukipenya. Ukitumia rola, iwe laini na ya shinikizo dogo.

Tanuri likizidi joto, utajua kwa sikio kabla ya macho. Kitambaa kinachakarisha kama gazeti, kinang'aa, na ukikichana kinachanika kwa mstari mnyoofu. Likipungua, kitambaa ni kimya, kinaacha vuzi kwenye kiganja, na ukikibandua kwa kucha kinaachia matabaka. Kizuri kiko katikati: kinachakarisha kidogo, na kikichanwa mchano unatangatanga huku nyuzi ndefu zikibaki zimening'inia.

Ndani ya tanuri kitambaa kiingizwe kwa mwendo uliozidi kidogo ule wa kutolewa, kisivutwe. Kiruhusiwe kurudi humo. Mafundi cherehani wanaloweka kitenge kabla ya kukikata kwa sababu hiyohiyo: kirudi sasa, kisirudi mwilini. Na kikitoka, kipozwe kabisa, chini ya 70 °C kwa vyovyote na ikiwezekana hadi joto la chumba, kabla ya kukunjwa. Jora likikunjwa likiwa moto na limekazwa, mvuto unagandishwa ndani yake. Katikati ya jora joto linakaa saa nyingi, hasa Januari ghala likiwa na 34 °C, na mita za ndani zinatoka na tabia tofauti na za nje. Mteja analalamika kwamba nusu ya jora ni nzuri. Anasema kweli.

Kipimo cha kurudi ni rahisi: kata kipande cha sm 50 kwa sm 50, chora alama mbili zilizoachana sm 40 kwa urefu na mbili kwa upana, kiweke kwenye oveni ya 180 °C dakika 15 bila kukibana, kiache kipoe, pima tena. Mimi singepokea jora linalorudi zaidi ya mm 2 kwenye hizo sm 40, na singepokea lolote ambalo urefu na upana vimepishana zaidi ya mm 1, hata kama zote mbili ni ndogo.

Mafuta

Kila kitu kikiwa sawa, kitambaa kikavu bado kinaweza kuharibika kwenye tafti. Mashine ya sindano kumi kwa inchi yenye upana wa mita 4 ina sindano 1,575. Kwa mishono 40 kila sm 10, kigae kimoja kinachomwa mara 39,400. Sindano inapiga mamia ya mara kwa dakika na inapata moto. Nyuzi zisipoteleza, hazina pa kwenda, zinakatika.

Ndiyo maana kabla ya kukunjwa kitambaa kinapakwa kilainishi, kwenye asilimia 1 ya uzito wake, juu au chini kidogo, kwa rola inayogusa tu au kwa dawa ya kupuliza. Kikipungua, bekingi inabaki na nguvu ndogo baada ya tafti na upana unasinyaa. Kikizidi, sindano inafurahi lakini lateksi haishiki, na baadaye manyoya yanang'oka kwa kuvutwa na gurudumu la kiti. Mafuta ya silikoni huteleza vizuri kuliko yote, na ndiyo hasa yanayokataa lateksi. Mafuta ya jamii ya esta yana huruma zaidi. Ukibadilisha aina ya mafuta, usiamini jaribio la tafti peke yake. Paka lateksi, kausha, vuta kitanzi kimoja kwa mizani ya ndoano, linganisha na jora la zamani.

Jaribio la kulipima hili lote kwa pamoja ni kupitisha kitambaa kwenye tafti bila uzi. Sindano zichome kitambaa tupu. Kisha kata ukanda wa sm 5 uliochomwa na mwingine ambao haukuchomwa, vivutwe hadi vikatike. Bekingi ya GSM 110 ambayo haijachomwa inatakiwa ibebe niutoni 200 hadi 300, yaani kilo 20 hadi 30 zikining'inizwa. Baada ya kuchomwa, ikibaki chini ya nusu, rudi kwenye joto la tanuri kwanza, kisha mafuta. Kwa mpangilio huo. Wengi huanza na mafuta kwa kuwa ndiyo rahisi kugeuza, wakaishia kuficha kitambaa kilichoungua.

Kasoro za kutazamwa kwa macho jora linapopita juu ya taa ni tatu. Donge gumu, ambalo ni uji ulioganda bila kuvutwa: linapinda sindano, na sindano moja iliyopinda inaacha mstari usio na manyoya kwa urefu wote mpaka mtu auone. Kamba, yaani nyuzi nyingi zilizotua pamoja. Na tundu. Donge litolewe kwa koleo palepale; alama ya karatasi pembeni haitoshi, kwa sababu anayeendesha tafti usiku haitazami.

Majora yalazwe, yasisimamishwe, yakiwa yamefungwa karatasi ya plastiki pande zote hadi kwenye ncha, kwa sababu kilainishi hukusanya vumbi na vumbi la ghala la Chang'ombe ni la simenti na mahindi. Jora lililokaa karibu na mlango wa bati huchomwa na jua upande mmoja. Mita za juu zitenge na uzipime kurudi upya kabla ya kuzichanganya na nyingine.